Usizime apdeti zote, zichuje

Mkuu, unauliza kama uzime apdeti zote za Windows kwenye kompyuta yako kisa mashine ya rafiki yako iligoma kuwaka baada ya apdeti. Usizime zote aisee, hazifanani. Za usalama weka ndani ya siku chache, WannaCry ya Mei 2017, kile kirusi kilichofunga mafaili ya watu na kudai pesa, ilipita kwenye tundu la Windows ambalo Microsoft walishaliziba tangu Machi, walioumia wengi ni ambao walikuwa hawajaweka ile apdeti.

Ila woga wako una msingi, maana apdeti kubwa ya Windows 10 ya Oktoba 2018 ilifuta mafaili ya baadhi ya watu mpaka ikasimamishwa, na Julai 2024 faili moja bovu kwenye apdeti ya CrowdStrike, kampuni ya ulinzi wa kompyuta, likaangusha kompyuta kama milioni 8.5. Kwa hiyo zile za kubadili toleo zima we subiri wiki kadhaa, waache wenye haraka watangulie halafu soma wanalalamikia nini.

Kabla hujabonyeza, kopi kazi zako kwenye diski ya nje, fungua faili moja hukohuko uone kama linafunguka kweli (hapa ndo wengi wanaruka), kisha ichomoe. Laptop iwe kwenye chaji na usianze usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi kazi.

Dereva za printa na sauti (programu ndogo zinazoendesha vifaa hivyo) kama hazikusumbui ziache zilivyo. Brauza ndo usicheleweshe kabisa, hiyo inakutana na kila takataka ya intaneti.

Na ikigoma usikimbilie kufomati, Windows ina sehemu ya kuondoa apdeti ya mwisho, anzia hapo.