Itazame Ramani ya Foleni Kabla Hujawasha Gari

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia akiniuliza aiamini programu gani ya ramani, kwa kuwa ile anayoitumia ilimtoa barabara kuu, ikamwingiza mitaani, na alipofika kwenye usaili wenzake walikuwa tayari wanatoka. Swali lake liligusa pale panaponiuma. Bosi wangu mmoja wa zamani aliwahi kulisoma jina langu mbele ya wafanyakazi wote katika orodha ya wachelewaji, bila kuniuliza ninaishi wapi wala ninapita wapi, na kinyongo kile hakijanitoka. Leo mimi ndiye niliyekabidhiwa funguo za ofisi asubuhi, na wenzangu hawajawahi kunisubiri mlangoni. Ninajivunia jambo hilo.

Nimjibu moja kwa moja kwamba kubadilisha programu hakutamsaidia sana. Simu zilizomo ndani ya magari hutuma mahali zilipo na mwendo wake, mitambo hukokotoa wastani, kisha kipande cha barabara hupakwa rangi. Mwaka 2020 msanii Simon Weckert alilionyesha hilo waziwazi mjini Berlin, alipokokota kigari chenye simu 99 katika barabara isiyo na magari, na Google Maps ikaipaka rangi nyekundu kana kwamba ina foleni. Rangi unayoiona inakueleza hali ya dakika chache zilizopita; hali utakayoikuta ukifika ni makadirio tu, na inategemea wenzako wataamua nini baada ya kuiona rangi hiyo hiyo.

Asubuhi moja mstari uliokuwa mbele yangu uligeuka kutoka rangi ya chungwa hadi nyekundu iliyokolea, na simu ikanishauri nikate kushoto. Kabla sijaigusa indiketa, magari ya mbele yakaanza kuwasha zao, moja baada ya jingine, zote za kushoto. Kule ndani njia haikutosha magari mawili kupishana, gari la taka lilikuwa limesimama kupakia, na mkazi mmoja alikwama getini kwake asipate pa kutokea. Tulikaa pale mpaka barabara kuu tuliyoikimbia ikafunguka.

Hayo yalielezwa zamani. Mwaka 1952 John Wardrop, mtafiti Mwingereza wa usafiri barabarani, aliandika kwamba kila dereva akijichagulia njia inayomfaa yeye, hatimaye njia zote zinazotumika huchukua muda sawa, na hakuna anayefaidika kwa kuhama. Mwaka 1968 mwanahisabati Mjerumani Dietrich Braess alithibitisha kwamba barabara mpya inaweza hata kuwachelewesha watu wote, kwa sababu wote huikimbilia. Njia ya panya iliyojulikana na wenyeji wachache sasa imo mkononi mwa kila mwenye simu. Mji mdogo wa Leonia, katika jimbo la New Jersey nchini Marekani, ulichoka kufurika magari yanayokwenda daraja la George Washington la kuingilia jijini New York, na mwaka 2018 ukawazuia wasio wakazi kupita katika mitaa yake mingi saa za msongamano.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba taarifa hizi zikusaidie kuchagua saa ya kuondoka. Usiku iandikie programu saa unayotaka kufika, uone inakadiria uondoke lini. Asubuhi itazame tena ungali ndani, na ikiwezekana wahi au subiri. Madereva wakitawanyika katika saa mbalimbali, foleni hupungua kweli. Wakihama njia wote kwa pamoja, foleni huhama nao. Ukishaingia barabarani, tulia kwenye njia yako, isipokuwa pametokea ajali au barabara imefungwa. Hapo onyo la mapema lina thamani kubwa, nawe litii bila kusita.

Anayepanda basi ananufaika kuliko sisi wenye magari, na ninatamani watu wengi zaidi walitambue hili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 kuhusu abiria wa mji wa Seattle, Marekani, ulionyesha kwamba waliofuatilia basi kwa simu walingoja karibu dakika 2 pungufu kuliko waliotegemea ratiba, na hata kule kungoja hawakukuona kurefu kama wenzao walivyokuona. Abiria akijua basi liko wapi hamcheleweshi mtu yeyote. Anamalizia chai yake nyumbani, kisha anatoka.

Ndugu zangu, tuache kushindania vichochoro vya watu na watoto wao wanaokwenda shule kwa miguu. Nao wanaoendesha mabasi waweke wazi mahali yalipo magari yao, na makadirio wanayotoa yawe ya kweli, kwa sababu abiria aliyeahidiwa basi la dakika 3 akaliona linafutika kwenye kioo cha simu bila kupita kituoni, kesho yake atatafuta pesa anunue gari.