Potasiamu 5.9 au 4.3: niamini ipi?

SWALI: Shikamoo, Bibi wa Maabara. Natumia enalaprili ya presha, huu mwaka wa nne. Jumatatu nilipimwa damu, potasiamu ikatoka juu, 5.9. Daktari akasema turudie kabla hajagusa dawa. Jumatano, maabara nyingine, wakaniandikia 4.3, ya kawaida. Sijabadilisha chakula wala vidonge. Nani kanidanganya? Tena karatasi ya pili imewekewa nyota kwenye kloraidi: 108, wakati kiwango chao kinaishia 107. Niogope?
Msomaji mwenye mashaka

JIBU: Marahaba, mwanangu. Huenda hakuna aliyekudanganya. Hebu nikuulize na mimi: Jumatatu mshipa ulipatikana kirahisi? Ule mpira ulikubana mkono kwa muda gani? Uliambiwa ukunje na kukunjua ngumi?

Nauliza kwa sababu potasiamu nyingi ya mwili imo ndani ya seli, siyo kwenye maji ya damu tunayoyapima. Ndani ya seli nyekundu iko zaidi ya mara 20 ya ile iliyo nje. Mkono ukibanwa kwa muda huku ngumi inafanya kazi, misuli inaachia potasiamu. Damu ikivutwa kwa nguvu kwenye sindano nyembamba, au tyubu ikitikiswa kama chupa ya dawa ya kikohozi, seli zinapasuka na kumwaga zilichobeba. Mashine haina habari na hayo yote, inapima kilichomo kwenye tyubu basi.

Seli zilizopasuka hujisema zenyewe. Ukishazungusha tyubu kwenye mashine ya kutenganisha seli na maji ya damu, yale maji ya juu yanayotakiwa kuwa manjano hafifu yanakuja na wekundu, na fundi makini anaikataa sampuli. Shida ni ngumi. Potasiamu iliyotoka kwenye misuli haina rangi.

Hata friji haiachi rangi. Nilipokuwa mgeni kazini niliziweka tyubu sita frijini usiku kucha bila kuzizungusha, nikidhani baridi inazitunza. Asubuhi watu wote sita potasiamu juu, na maji ya damu yao manjano safi kabisa! Kumbe baridi huzilemaza pampu za seli zinazoirudisha potasiamu ndani, ikavuja taratibu. Mkuu wangu akaitazama karatasi, akaniuliza tu: "Wote sita wameugua usiku mmoja?" Tukawaita wakachomwe upya. Mama mmoja alinionyesha mkono wake uliokuwa bado na alama ya bluu ya jana, hakusema neno.

Kwa hiyo kwako naegemea 4.3, maana makosa mengi ya kuchukua na kutunza damu huipandisha potasiamu, machache ndiyo huishusha. Lakini 5.9 haikuwa ya kupuuzwa. Enalaprili yenyewe inaweza kuipandisha, na ikipanda kweli mapigo ya moyo huvurugika. Daktari wako amefanya vyema kurudia haraka, tena bila kukurupukia dawa. Muulize na kreatinini yako, kile kipimo cha kazi ya figo, ilikuwa ngapi, kwani figo ndizo zinazoitoa potasiamu mwilini.

Nyota ya kloraidi isikukoseshe usingizi. Viwango hivyo kwa kawaida hupatikana kwa kupima watu wenye afya na kuchukua asilimia 95 ya katikati. Maana yake katika kila watu 20 wazima, mmoja hivi anaangukia nje na haumwi chochote. Pimwa vitu 20 kwa mpigo, na una nafasi zaidi ya nusu ya kuondoka na walau nyota moja. Halafu kila maabara ina mashine zake na kiwango chake. 108 hiyohiyo kwingine ingepita bila nyota.

Safari ijayo rudi maabara ileile uliyokwenda mwisho, keti mkono umelegea, ngumi wazi. Na kwa daktari nenda na karatasi zote mbili, hata hiyo ya 5.9 unayotaka kuichana.