Maswali ya Wasomaji: Kifaa cha Kuonyesha Njia kwa Malori

Swali: Ninasimamia malori yanayotoka Dar es Salaam kwenda Tunduma. Je, madereva watumie simu zao, au ninunue vifaa maalumu?

Jibu: Ndugu msomaji, nunua kifaa cha malori kinachokuruhusu kuingiza kimo, urefu na uzito wa gari, kwa sababu ramani za kawaida za simu hupanga njia kama ya gari dogo, na zinaweza kumpeleka dereva wa semitrela kwenye daraja lisilohimili tani zake. Hakikisha kwanza kwamba ramani ya Tanzania imehifadhiwa ndani ya kifaa, kwani mawimbi ya setilaiti hupatikana hata pasipo mtandao wa simu, lakini ramani inayotegemea intaneti hukwama porini. Malori mengi hutumia umeme wa volti 24, hivyo chaja ya volti 12 pekee inaweza kuungua. Ukubwa wa kioo, kwa maoni yangu, uutazame mwisho.