Mashine haijazi maji? Anza na valvu kabla ya kuamini bodi imeungua

Juzi dada mmoja wa Likoni ameniandikia. Mashine yake ya kufulia inawaka, inavuma, lakini maji hayaingii, na fundi ameshamwambia bodi, ile saketi inayoiongoza mashine, imeungua. Bei aliyotajiwa inakaribia bei ya mashine ya mtumba. Nilipousoma ujumbe ule damu ilinichemka, maana maneno hayo hayo niliambiwa mimi hapa Mtopanga, Mombasa, tena wiki ambayo kanzu za watu za Ijumaa zilikuwa zimejaa sebuleni.

Fundi wangu alikuja, akaiwasha, akasikiliza kidogo. Hata mfuniko hakuufungua. "Bodi hii, mama. Mzee yupo niongee naye?" Sijasahau mpaka leo. Mashine nimeinunua mimi, kwa pesa ya mashuka na leso nilizofua kwa mikono yangu, halafu natafutiwa mzee wa kuongea naye! Nilimpa nauli yake akaenda zake.

Baada ya hapo nikaitegea sikio mwenyewe. Mlio ulitoka nyuma, juu, pale mpira wa maji unapoingia, mlio mwembamba kama nyuki aliyefungiwa chupani. Hapo ndipo nilipojua nimedanganywa. Valvu ya maji, ile inayoyafungulia na kuyafungia maji yanapoingia, ina koili ya umeme, yaani waya uliozungushwa. Bodi ikipeleka umeme, koili inavuta pini ndogo ya chuma, kitundu kinafunguka, na nguvu ya maji inakisukuma kile kiraba cha ndani yanapita. Basi ikiwa valvu inavuma, umeme umefika. Na ikiwa umeme umefika, bodi imefanya kazi yake. Dada wa Likoni, mashine yako inavuma; mlio ukiwa unatoka hapo kwenye valvu, usiishuku bodi. Umenielewa?

Nilichomoa plagi, nikafunga bomba, nikaweka ndoo chini na kufungua mpira. Ndani ya mdomo wa valvu kuna kichujio kidogo cha plastiki. Ukikishika na plaisi kinatoka. Changu kilikuwa na mchanga mwororo na magamba meupe ya chumvi yaliyoshikana. Sisi Mombasa maji yetu yanatoka mbali, chemchemi za Mzima na visima vya Baricho, tena kwa mgao. Yakikatika tunavuta ya kisima, na visima vingi vya pwani havikosi chumvi. Nilikiosha kwa siki na mswaki mkuukuu nikakirudisha. Nilipoiwasha tena, maji bado yalidondoka kidogo kidogo tu, kama machozi. Basi chumvi ilishaingia ndani, na valvu ya namna hiyo dawa yake ni kubadilishwa.

Yangu mfuniko wa juu unashikwa na skrubu mbili kwa nyuma; ukizitoa unauvuta kwa nyuma, unanyanyuka. Piga picha ya nyaya kabla hujagusa chochote, kila waya na mahali pake. Halafu chomoa nyaya, bana klipu za mipira ya ndani, toa skrubu za valvu. Ukiwa na multimita, kile kipimo cha umeme, pima koili: valvu za volti 220 hadi 240 kwa kawaida husoma karibu kilo-omu 4. Isiposoma kitu, koili imekatika, na valvu ya hivyo haivumi kabisa. Mkono wako uwe mkavu na plagi iwe nje ya soketi, hilo silirudii.

Dukani usiende na maelezo ya mdomo. Chukua valvu ya zamani mkononi, ulinganishe idadi ya midomo ya kutolea maji, inaelekea wapi, na volti iliyoandikwa ubavuni. Mimi yangu niliipata mjini, na bei haikufika hata robo ya ile ya bodi. Kuifunga ni kurudi nyuma hatua zile zile. Mpira wa maji kaza kwa mkono, na hakikisha pete yake ya raba imo. Fungua bomba kwanza, tazama kama panavuja, ndipo urudishe plagi. Kanzu za Ijumaa zilitoka kwa wakati, zimepigwa pasi, na wenyewe walizifuata kabla ya adhana.

Wenzangu mnaotaka kufungua udobi wa nyumbani, na najua mko wengi, jifunzeni mashine zenu. Msikubali mtu akuhukumie mali yako bila kuifungua. Mwambie fundi akuonyeshe. Anayejua kazi hakasiriki kuulizwa. Fundi niliye naye sasa hunieleza mpaka nikaridhika, na yeye namlipa bila kuvutana.

Kuna na ugonjwa wa kinyume chake: maji yanaingia hayakomi. Chomoa plagi. Yakiendelea kuingia, valvu imekwama wazi, funga bomba upesi. Yakikoma, mtafute fundi akaangalie swichi ya kupimia maji au bodi yenyewe, hapo bodi ina haki ya kushukiwa. Na kama unatumia tangi, mashine nyingi zinataka liwe juu yake kama mita 5. Likiwa chini ya hapo maji huingia polepole na valvu nyingine hushindwa kufunga sawasawa. Dada wa Likoni, niandikie tangi lako liko wapi, na unitumie picha ya hicho kichujio kabla hujamlipa mtu yeyote.