"Usted" ya Kihispania ina undugu na ustadhi wetu?

SWALI: Habari za kazi. Najifunza Kihispania kwenye simu, nimeona mtu mzima au mgeni haitwi tú ("wewe" ya kawaida), anaitwa usted. Jamaa mmoja kaniambia hiyo ni ustadhi ileile ya madrasa, eti Waarabu waliiacha huko. Ni kweli?

JIBU: Hapana ndugu yangu, japo naelewa kwa nini watu wanaamini, maana Waislamu waliingia Hispania 711 na Granada, ufalme wao wa mwisho huko, ikaja kuanguka 1492, hapo katikati Kihispania kikachota maneno kibao, azúcar ndo sukari hii hii yetu, algodón pamba, almohada mto wa kulalia. Ila usted haimo.

Imetoka kwenye vuestra merced, tuseme "hisani yako". Zamani heshima ilikuwa vos, ikazoeleka mno mpaka ikaisha uzito, watu wakahamia vuestra merced, sasa neno refu hivyo ulitamke kila ukimsalimia mtu, mdomo lazima ulikate tu, ndo zikaja vuesarced, voacé, vusted, na kwenye karne ya 17 usted yenyewe. Tamthilia za enzi hizo zimejaa hivi vifupisho, hasa kwenye midomo ya watumishi na wahuni.

Angalia na kitenzi. Unamwambia mtu usoni usted tiene, na tiene ni "ana", sio "una". Ni kama muuza duka anavyomuuliza mteja aliyesimama mbele yake, "mama anataka nini leo?" Mhispania alikuwa anaiongelea ile merced, kwa hiyo kitenzi kikabaki cha yeye mpaka leo, hata wakiwa wengi, ustedes tienen, "wana".

Halafu kwenye maandishi usted hufupishwa Ud. lakini pia Vd., na hiyo V ni ya vuestra, mi naona hapo ubishi unaisha kabisa. Wareno nao vossa mercê yao ikawa você, ambayo Brazil sehemu nyingi ni "wewe" ya kawaida tu, na Wakatalani, watu wa kaskazini mashariki mwa Hispania, wanasema vostè, V bado ipo.

Kama unataka Kiarabu cha kweli shika ojalá, imetoka kwenye law sha Allah, na hiyo law ndo lau yetu. Ojalá llueva, Mungu akipenda mvua inyeshe.