Kabla hujaikalia hadubini: kwa wanaoanza utafiti wa kichocho na minyoo

Wiki yako ya kwanza utagawa makopo. Najua umetoka chuoni na diploma ya maabara au digrii yako, mzunguko wa maisha ya kichocho unaujua kuanzia yai hadi konokono, na hamu yako ni kuikalia hadubini. Utaikalia, tena mpaka shingo iume. Lakini kwanza utasimama mbele ya darasa la tano kando ya Ziwa Victoria, saa mbili asubuhi, uwaeleze watoto themanini namna ya kuweka choo ndani ya kopo bila kulichafua nje. Watacheka. Mwalimu atashika fimbo ili wanyamaze. Mwombe kwa heshima aiweke, maana mtoto aliyetishwa atakuletea chochote kile, mradi kopo lisirudi tupu.

Nimezunguka shule na vijiji vya Kanda ya Ziwa miaka kadhaa kwa kazi hii. Nimepokea makopo yenye udongo wa mfinyanzi. Nimepokea ya mbuzi. Safari moja wavulana watatu wa dawati moja walileta makopo yaliyojaa vizuri, na slaidi zao zote zikawa na mayai mengi ya minyoo mjeledi, ilhali darasa zima hakuna mwingine aliyekuwa nayo. Tuliwaita pembeni bila kelele. Wawili haja iliwakataa asubuhi ile, wakaona aibu, mwenzao akawagawia. Hapo hakuna mkorofi, kuna watoto wema watatu na data mbovu. Tangu siku hiyo, kabla ya kugawa kopo la kwanza, nasema: "Ukikosa leo utaleta kesho, na hakuna atakayegombwa." Kisha kesho yake narudi kweli, hata kama ni kwa kopo moja.

Sasa lugha. Dodoso lako litakuwa na swali kama "Je, umewahi kuugua kichocho?" Mama wa mwaloni, pale wavuvi wanaposhusha samaki, anayeingia ziwani kila siku kuosha dagaa, atakujibu, "Hapana mwanangu, mimi sikojoi damu." Usiandike "hapana" ukaondoka. Hajakudanganya. Kwa watu wengi neno kichocho maana yake ni mkojo wenye damu, na huo ni ugonjwa wa mdudu mwingine, yule anayesambazwa na konokono aina ya Bulinus kwenye mabwawa, madimbwi na vijito, bara mpaka Unguja na Pemba. Wa ziwani, yaani kichocho cha tumbo, hupitia kwa konokono aina ya Biomphalaria, hukaa kwenye mishipa ya utumbo, na mayai yake huumiza ini miaka mingi kabla tumbo halijavimba na mtu kuanza kutapika damu. Mtu anaweza kuwa nao tangu utotoni na hajawahi kuona tone la damu kwenye mkojo. Kwa hiyo uliza dalili, usiulize jina. Na swali likionekana kutoeleweka nyumba tatu mfululizo, mwambie msimamizi siku hiyohiyo. Usilitafsiri upya kimyakimya kichwani mwako, kwa sababu mwenzako wa kijiji cha pili atakuwa analitafsiri kivyake, na mwishowe mtakuwa mmeuliza maswali mawili tofauti chini ya namba moja.

Mbele ya wazee sema "haja kubwa". Neno "kinyesi" liache kwenye ripoti. Na "kutoa damu" linatisha kuliko "kupima damu", ingawa sindano ni ileile.

Hilo la damu silitaji kwa utani. Habari za mumiani tumezisikia tangu utotoni, nawe pengine ulitishiwa nazo ili usizurure jioni. Oktoba 2016, wilayani Chamwino, Dodoma, watafiti wawili kutoka Arusha na dereva wao waliuawa na kuchomwa moto na wanakijiji waliodhani ni wanyonya damu. Walikuwa wamekwenda kuchukua sampuli za udongo. Udongo, siyo damu. Sisi tunaoshika sindano na makopo tunapaswa kuikumbuka habari hiyo kila tunapoona uvivu wa kupita ofisini kwa mtendaji.

Kibali cha maadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, au cha ZAHRI, taasisi ya utafiti wa afya ya Zanzibar ukiwa huko, hakikufikishi mlangoni kwa mtu. Kutoka hapo kuna ofisi ya mkoa, mkurugenzi wa halmashauri, mganga mkuu wa wilaya, mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji, na mwisho mwenyekiti wa kitongoji, ambaye ndiye wa maana kuliko wote, kwani ndiye atakayetembea nawe nyumba kwa nyumba. Utaona ni usumbufu. Mimi pia niliona hivyo, mpaka siku gari letu lilipozingirwa na vijana wenye marungu, na aliyetuokoa ni mzee mmoja wa kitongoji aliyekumbuka kwamba tulipita kwake juzi, tukamsalimu "mwangaluka" na kukaa kwenye kigoda alichotupa. Barua yenye mihuri mitano ilikuwa kwenye begi. Hakuna aliyeiomba.

Kuhusu ridhaa nitasema jambo moja tu, mengine utafundishwa kwenye mafunzo ya maadili. Ukimaliza kusoma fomu, mtu akakuambia, "Haya, sawa tu, nyie si ndio wataalamu," huyo bado hajakubali. Amekuheshimu. Kuna tofauti, na sisi tuliolelewa kwenye utamaduni huu ndio tunaoweza kuisikia, mgeni hawezi. Mwambie akueleze yeye, kwa maneno yake, unakwenda kufanya nini na choo cha mtoto wake. Asipoweza, rudia. Na ukiona mwenyekiti amesimama karibu huku akimkazia macho, mtume akakutafutie maji ya kunywa. Ndipo umwambie mama kwamba akikataa hakuna dawa atakayonyimwa wala jina litakaloandikwa. Dole gumba lililowekwa kwa hofu linafanana kabisa na lililowekwa kwa hiari. Mkaguzi hatajua. Wewe utajua.

Tufike kwenye hadubini basi.

Njia utakayoitumia zaidi inaitwa Kato-Katz. Unachekecha choo kwenye wavu, unajaza tundu la kiolezo cha plastiki, unakiondoa, unafunika kwa selofeni iliyolowekwa kwenye gliserini yenye rangi ya kijani, unageuza slaidi na kukandamiza mpaka choo kitandazike sawasawa. Tundu lile hubeba miligramu 41.7. Ndiyo maana mayai unayohesabu yanazidishwa mara 24, ili upate idadi kwa gramu moja. Sasa tazama uzito wa jicho lako. Kwa kichocho cha tumbo, mtu mwenye mayai 1 hadi 99 kwa gramu anahesabiwa ana maambukizi hafifu, 100 hadi 399 ya kati, 400 na kuendelea makali. Ukihesabu manne, ni 96, hafifu. Ukihesabu matano, ni 120, ya kati. Yai moja ulilolipita kwa sababu uliitika simu limemhamisha mtu kundi. Simu izime, tena nje ya chumba.

Slaidi mbili kwa kila kopo, siyo moja. Mayai hayasambai sawa ndani ya choo: upande mmoja unaweza kuwa nayo kumi, mwingine usiwe nalo hata moja. Watu huona slaidi ya pili ni kupoteza muda, hasa saa kumi jioni zikiwa zimebaki sitini. Wasomaji wazuri utawatambua kwa slaidi ya hamsini na tisa.

Nililolifanya mimi ni baya zaidi ya kuruka slaidi. Mwaka wangu wa kwanza tulitengeneza slaidi kijijini mchana, gari likanasa kwenye matope, tukafika maabara usiku tukiwa hoi. Nilizisoma asubuhi. Mayai ya kichocho yalikuwepo, na mwiba wake wa pembeni ule, hayana haraka, hata kesho unayakuta. Mayai ya minyoo ya safura hakuna. Kijiji kizima hakuna safura, nikaandika sifuri, sifuri, sifuri, tena kwa furaha kidogo, nikidhani dawa za shuleni zimefanya kazi. Msimamizi wangu akaangalia karatasi, akauliza: "Slaidi zilitengenezwa saa ngapi, zikasomwa saa ngapi?" Nilikuwa nakijua kitu hicho, nilikuwa nimekifanyia mtihani! Gliserini huyasafisha mayai ya safura mpaka yakawa kama maji. Yanapaswa kusomwa ndani ya dakika 30 hadi 60, baada ya hapo unatazama kivuli cha kitu kilichokuwepo. Kosa langu halikuwa kuchelewa, matope si ya kwangu. Kosa langu ni kuandika sifuri mahali ambapo ukweli ulikuwa "haikusomwa". Sifuri ni jibu. Nafasi iliyoachwa wazi na maelezo pembeni pia ni jibu, tena la heshima. Tulirudi kijiji kile na makopo mapya, na safura tukaikuta.

Kwa sababu hiyo andika saa. Na hapa kuna mtego wetu sisi Waswahili ambao hutaukuta kwenye mwongozo wowote ulioletwa na mfadhili. Mkojo wa kupima kichocho cha mkojo hukusanywa kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, kwa kuwa huo ndio wakati mayai yanapotoka kwa wingi. Kijana mmoja mwadilifu kabisa alikuwa akiandika 4:10, 5:25, 6:40 kwenye kishikwambi. Mchambuzi wa takwimu akaona kijiji kizima kimekojoa alfajiri, akataka kuzitupa sampuli zote. Ilibidi apigiwe simu mwenye mwandiko. Kwenye fomu saa nne ya asubuhi ni 10:00, basi, hata kama ulimi wako utakataa mpaka unaingia kaburini.

Slaidi moja kati ya kumi itasomwa tena na mtu mwingine. Usinune. Mkitofautiana, kaeni hadubini moja mtazame pamoja. Mapovu ya hewa na chembe za mboga zimewadanganya wakubwa kuliko wewe.

Dawa. Prazikwanteli hutolewa kwa uzito, miligramu 40 kwa kilo, lakini shuleni utatumia fimbo ya kupimia urefu, inayokuonyesha idadi ya vidonge. Ni dawa nzuri, ila tumbo likiwa tupu inazungusha kichwa, na vidonge vyake ni vikubwa, vichungu. Mwaka 2008 ugawaji wa dawa za kichocho na minyoo katika shule za Morogoro uliishia kwenye ghasia, wazazi wakiamini watoto wanalishwa sumu, na zoezi likasimamishwa. Ukisikia habari hiyo chuoni utaambiwa ni "uvumi" na "elimu ndogo". Mimi siafiki hata kidogo. Mzazi aliyeona mtoto wake anatapika baada ya kupewa kidonge na mtu asiyemjua, bila yeye kuambiwa chochote, amefanya hesabu aliyoweza kuifanya. Kaa na wazazi kabla. Waambie wazi kwamba wapo watakaotapika, na hasa wenye wadudu wengi tumbo litasokota. Halafu hakikisha uji umeiva. Nimewahi kukataa kufungua makopo ya dawa mpaka saa sita mchana kwa sababu kuni za shule zilikuwa mbichi. Bajeti ya uji ndiyo ya kwanza kukatwa mezani na ndiyo ya mwisho ninayokubali ikatwe.

Malalamiko mengine utakayoyasikia kila kijiji ni "mnachukua, mnaondoka, haturudishiwi kitu." Mara nyingi ni kweli. Omba nafasi kwenye mkutano mkuu wa kijiji, sema kwa maneno mafupi mlichokikuta, na ukubali maswali yasiyo ya utafiti wako: kisima kilichoharibika, zahanati isiyo na vipimo, vyoo vya shule vilivyojaa. Huna majibu yake. Yaandike mbele yao, umkabidhi mganga mkuu wa wilaya nakala.

Mwisho ni mwili wako mwenyewe. Tukikusanya konokono tunavaa mabuti marefu na glavu, na kila mgeni huvaa wiki mbili za kwanza. Kisha joto linapanda, buti moja linavuja, na konokono wako pale pale, hatua tatu tu. Mimi nilikuwa navua. Minyoo ya kichocho haikuumi ikiingia, na prazikwanteli haiui michanga, inaua iliyokomaa tu, kwa hiyo kumeza kidonge jioni ileile hakukusaidii kitu. Jipime kila mwaka. Mwaka jana nilimpa kopo langu binti aliyeanza kazi mwezi ule, bila jina, lina namba tu kama mengine. Jioni akaja na daftari. Slaidi ya kwanza mayai matatu, ya pili hakuna. Akataka kujua kama aandike wastani au aandike zote mbili. Nikamwambia zote mbili.