Kanga ya mama na rangi zinazogeuka matope

SWALI: Shikamooni. Mwanangu ana miaka mitano. Nikimwonyesha picha anasema "nzuri", halafu huyo, kakimbia. Nitamfundishaje kutazama sanaa wakati hata kitabu cha picha sina? (Mama, Tanga)

JIBU: Marahaba. Ukimwuliza kama ni nzuri, jibu ni moja na anajua unalitaka. Mwulize jambo ambalo hawezi kulijibu mpaka atazame tena. Kitabu si lazima, toa kanga kabatini, upande mmoja unatosha.

Itandike chini mchana, karibu na dirisha. Mwache azungushe kidole kwenye pindo lote: mstari huu umenyooka, ule una mawimbi, ule unakwenda zigizaga. Kwenye pembe za kanga mistari hukutana, na watoto wengi husimama hapo wenyewe kutazama mchoraji amefanyaje. Kisha ingieni kwenye mji, yaani sehemu ya katikati ya kanga. Kama kuna korosho, azihesabu na akuonyeshe ipi imemgeukia yeye. Jina la kanga, yaani yale maneno yaliyoandikwa juu yake, liache mwisho na ulisome wewe. Mtoto anayeanza kusoma akiona herufi huisahau picha.

Kanga ya kisutu inafaa sana kuanzia, kwa kuwa ni nyekundu, nyeusi na nyeupe basi. Asimame mlangoni, aseme rangi gani inamfikia kwanza. Dakika 7 hadi 10 zatosha, akichoka, kunja.

Siku nyingine tandika kanga mbili: ipi ina kelele, ipi imetulia? Jibu lolote atakalotoa usilisahihishe, ila mwulize, "Umeona nini hata ukasema hivyo?" Swali hilo ndilo lenye kazi kubwa kuliko yote. Ukipata mchoro wa Tingatinga, ule mtindo wa uchoraji wa Tanzania, wenye mnyama mmoja mkubwa katikati, mwulize ni wapi pamebaki wazi. Hapo anajifunza nafasi, jambo ambalo hata wakubwa hulipita.

SWALI: Nina watoto 30 wa darasa la awali. Kila tukichanganya rangi tunaishia na kahawia. Na bajeti ya rangi ni ndogo. (Mwalimu, Morogoro)

JIBU: Nyekundu, njano na bluu zikikutana zote tatu, kahawia haikwepeki, na mara nyingi zinakutania kwenye kopo la kusuuzia brashi. Siku moja toa rangi mbili tu. Kwa kijani, weka njano vijiko 2 vya chai, ndipo utie bluu tone moja moja ukikoroga. Ukianza na bluu utamaliza chupa ya njano bila kukiona kijani, maana rangi nzito humeza nyepesi. Kila watoto wanne wape makopo mawili ya maji, moja la kusuuzia na jingine la kumalizia. La kwanza likishafanana na chai, mwaga.

Rangi nyingine mnaweza kupika. Koroga unga wa ngano nusu kikombe na maji baridi nusu kikombe mpaka mabonge yaishe, mimina maji yanayochemka kikombe 1½ huku ukikoroga, kisha weka motoni dakika 2 au 3 hadi uwe uji mzito. Ukipoa, kwa kila robo kikombe tia kijiko 1 cha chai cha bizari ya manjano. Kwa nyeusi, twanga mkaa mwenyewe, mbali na watoto, na uuloweshe kidogo kwanza ili vumbi lisiruke. Uji huu huchacha, kwa hiyo pika wa siku hiyo tu.

Wavalishe mashati makuukuu, kwani bizari haitoki kirahisi kwenye sare nyeupe. Na wakati wa kunawa msiharakishe: bizari ikikutana na povu la sabuni hugeuka wekundu mkononi, na hilo ni somo la rangi ambalo hukulipangia kipindi.